Jiwe Lenye Mstari Mweupe

Ishbel alikuwa amebeba sinia la skoni, vile vimkate vya chai, alipomwona Murdo, na jambo la kwanza lililomjia kichwani, Mungu amsamehe, ni kwamba asubuhi ile hakuchana nywele zake vizuri. La pili lilikuwa kwamba Ijumaa anaolewa na mtu mwingine.

Alisimama palepale mlangoni mwa hema la chai. Nje, watu wa bonde la Corvaig walikuwa wameshaanza kujikusanya kwenye nyasi, wanaume na kilti zao, zile sketi za ukoo, zilizotoka masandukuni zikinuka dawa ya nondo, wanawake wameshikilia kofia zisichukuliwe na upepo. Mpiga zumari alikuwa akiujaza pumzi mfuko wa zumari yake na kuuminya, na mbwa wote wa bonde walikuwa wakimlalamikia. Leo ulikuwa unafunguliwa mnara wa Chifu Ranald Mwekundu, na hakuna aliyebaki nyumbani isipokuwa wagonjwa na ng'ombe.

Na kati ya watu wote wale, pembeni kabisa, mwanamume mrefu mwenye uso uliochomwa na jua la mbali alikuwa akiuzunguka mnara taratibu. Aliinama, akainuka, akapitisha kiganja chake juu ya jiwe moja moja. Alikuwa anatafuta kitu.

"We Ishbel, skoni zitaota mizizi hapo," alisema shangazi Dolina nyuma yake. Dolina alikuwa dada mdogo wa baba yake, hakuwahi kuolewa na hakuwahi kunyamaza. Aliyafuata macho ya Ishbel mpaka kwenye mnara, na kwa mara ya kwanza tangu alfajiri maneno yakamwishia. Halafu akasema kwa sauti ndogo, "Yule si Murdo wa Effie?"

"Ndiye."

"Basi weka sinia chini kabla hujaliangusha. Na usiende."

"Siendi, shangazi."

"Umeshaanza kwenda, mwanangu."

Kweli, miguu ilikuwa imeshaanza.

Sasa, ili mtu aelewe kilichokuwa moyoni mwa Ishbel akivuka zile nyasi, lazima ajue habari ya mawe. Kabla ya kwenda vitani, karibu miaka mia mbili iliyopita, Chifu Ranald aliwaambia watu wake kila mmoja achukue jiwe aliweke pale mlangoni mwa bonde, na akirudi mzima aliondoe. Walikwenda themanini na wawili, wakarudi kumi na tisa. Mawe yaliyobaki ndiyo yakawa Rundo la Chifu, ambalo sasa kamati imelijenga kuwa mnara, na jiwe la Chifu mwenyewe liko chini ya yote. Tangu hapo hakuna mtu wa Corvaig aliyekwenda mbali, awe askari, baharia au mchunga kondoo wa kuajiriwa, bila kuweka jiwe lake.

Na jambo hilo lina adabu zake. Jiwe unaliweka peke yako na unaliondoa peke yako. Watu wakijua unakwenda huko wanageuza migongo, hata mama yako mzazi. Wala hakuna anayegusa jiwe la mwenzake, hata mlevi, hata mwendawazimu. Jiwe likiwapo, mtu wako anangojewa. Likiondoka, mtu wako amerudi. Hakuna jibu la tatu.

Miaka mitano na miezi kadhaa iliyopita Murdo aliweka jiwe jekundu lenye mstari mweupe, alilolitoa kwenye kijito walichokuwa wakikutania, akaenda Patagonia kuchunga kondoo, huko kusini kabisa mwa Amerika. "Miaka mitano," alimwambia. "Jiwe langu likiwa pale, mimi nakuja." Na kila Jumapili baada ya ibada Ishbel alipita pale na kulishika. Mpaka mwaka jana, mwezi wa pili, alipokuta pengo tupu limejaa theluji.

Murdo hakusikia hatua zake. Ishbel alisimama nyuma yake akaona kwamba nywele za kisogoni zimeanza mvi, naye hajafikisha hata miaka thelathini na mitano. Alitaka kuzigusa. Alifunga mikono yake ndani ya aproni.

"Murdo."

Aligeuka.  Macho yake yalikuwa yaleyale, ya kijivu, yenye tabia ya kumtazama mtu mpaka ndani bila kuomba ruhusa. 

"Umefika lini?" alimwuliza, maana lazima mtu aulize kitu.

"Jana jioni. Nimelala kwa mama. Paa linavuja."

"Pole kwa mama."

"Waliniambia wewe ndiye uliyemfumba macho."

"Mimi na shangazi Dolina. Hakuteseka. Alikutaja."

Murdo aliitikia kwa kichwa. Kisha macho yake yakashuka mpaka kwenye aproni, na Ishbel akaitoa mikono nje kwa sababu kuificha pete kulikuwa aibu zaidi kuliko kuionyesha.

"Pete nzuri," alisema.

"Ya Mwalimu Kenneth. Tangazo limeshasomwa kanisani Jumapili tatu."

"Lini?"

"Ijumaa."

"Ijumaa hii." Alicheka kidogo, bila furaha. "Nimevuka bahari wiki tano. Kumbe ningekawia wiki moja tu ningekukuta umeshakuwa mke wa mtu, nikapumzika."

"Usinichezee, Murdo."

"Mimi nikuchezee? Mwenye pete ni nani hapa?"

"Unazunguka hapa mbele ya watu, unapapasa mawe. Unatafuta nini?"

"Jiwe langu! Natafuta jiwe langu niliondoe, kama mtu yeyote aliyerudi kwao. Sasa nakuta mnara wa saruji, mawe yote yamekwama, na la kwangu silioni. Mwashi amelitia upande gani?"

Ishbel alimtazama. Hasira aliyoilea mwaka mmoja na nusu, akiilisha asubuhi na jioni, ilimfungua mdomo.

"Jiwe lako uliliondoa mwenyewe," alisema. "Mwaka jana, mwezi wa pili. Usinifanye mjinga."

"Mwaka jana mwezi wa pili nilikuwa zizini Patagonia nakata manyoya ya kondoo. Huko ni kiangazi."

"Ulikuja kwa mama yako."

"Habari ya kifo cha mama niliipata mwezi wa tano! Kwa barua yako wewe! Nilikaa na barua yako mkononi nyuma ya stoo, na wenzangu wakafanya kazi yangu siku nzima bila kunisemesha. Nani amekwambia nilikuja?"

 Jibu lilikuwa hakuna. Hakuna aliyemwambia.

"Lile pengo," alisema polepole. "Wiki mbili baada ya kumzika Bi Effie nilikuja hapa nikakuta jiwe halipo. Na alama za buti kwenye theluji. Zilitoka makaburini zikaja hapa, kisha zikafika mbele ya nyumba yetu, zikapotea kwenye njia iliyokanyagwa. Nikajua ni wewe. Nikasema, amekuja kwa siri kwenye kaburi la mama yake, amechukua jiwe lake, amepita mlangoni kwetu akaona moshi wa jiko letu, na hakubisha."

"Ukasema hivyo."

"Ningesema nini, Murdo? Hakuna anayegusa jiwe la mtu!"

"Na barua zangu? Niliandika mbili baada ya hapo. Hazikufika?"

"Zilifika." Alitamani ardhi immeze. "Nilizitia motoni. Sikuzifungua."

Mpiga zumari alikuwa amepata pumzi ya kutosha sasa, na wimbo wa zamani wa kuomboleza ulianza kupanda bondeni. Murdo aliyaacha macho yake kwenye mawe.

"Zilisema nini?" Ishbel aliuliza.

"Ya kwanza ilisema wamenipa usimamizi, pamoja na nyumba. Ya pili..." Alikohoa. "Nilikuwa najenga jiko. Nilitaka kujua unapenda dirisha litazame mlima au litazame mto."

Ishbel aliuma mkono wake ili asilie kwa sauti. Ulimwengu mzima ulikuwa pale, mchungaji wa kanisa, kamati, wageni wa ukoo waliotoka Kanada na kofia zao za manyoya, na yeye alikuwa akililia dirisha ambalo hakuwahi kuliona.

"Nililiweka upande wa mto," alisema Murdo. "Nilipokosa jibu nilikisia."

"Ningesema mto."

"Najua."

Kengele ikalia kuwaita watu wasogee. Mwalimu Kenneth alikuwa akija kwa mwendo wake wa utaratibu, amebeba koti la Ishbel mkononi kwa sababu alikuwa mtu wa kukumbuka makoti. Alimsalimia Murdo kwa heshima, akamvisha Ishbel koti mabegani, akamwambia baba yake anamngoja mbele. Ishbel alimfuata. Alipogeuka nyuma Murdo alikuwa bado anamtazama, na swali lilikuwa usoni mwake kama lilivyokuwa moyoni mwa Ishbel. Kama si Murdo, nani?

Mzee Farquhar, baba yake Ishbel, ndiye mtunza rundo, kama baba yake na babu yake kabla yake. Alikuwa na miaka sabini na miwili na mgongo ulionyooka. Ndani ya ule mnara kulikuwa na mawe mawili madogo ambayo bonde zima lilijua ni ya nani: la Alasdair na la Neil, wanawe, waliokwenda Ufaransa katika vita vikuu na hawakurudi kuyachukua. Kwa hiyo alipovua kofia na kusimama mbele ya bamba la shaba lenye jina la Chifu, hata watoto walinyamaza.

Mtunza rundo ana maneno matatu ya kusema siku kama hiyo. Ni kiapo, na kila mtu wa Corvaig anakijua kwa moyo tangu aliponyolewa nywele za kwanza.

"Aliyeweka, aliweka kwa mkono wake," mzee Farquhar alisema, na sauti yake ilifika mpaka ng'ambo ya mto.

Kisha akanyamaza.

Watu walingoja. Upepo ulipeperusha kilti yake. Alitazama mawe, akatazama chini, halafu, kwa nukta moja tu, akamtazama binti yake. Ishbel aliyaona macho yale. Alikuwa ameishi nayo miaka thelathini na mmoja na hakuwahi kuyaona yakiomba kitu.

"Waliobaki," mzee alisema kwa sauti iliyokatika, "tunawatunza."

Wanawake wakajifuta machozi. Mchungaji aliinamisha kichwa. Wote walidhani ni Alasdair na Neil wamemziba koo, maskini mzee. Mwalimu Kenneth aliinama sikioni mwa Ishbel akamnong'oneza kwa upole, "Ameruka neno la pili. Tusimkumbushe."

Neno la pili ni: aliyeondoa, aliondoa kwa mkono wake.

Ishbel hakungoja shada liwekwe wala picha zipigwe. Alitoka katikati ya watu, akaenda moja kwa moja nyumbani, hatua mia moja kutoka pale, akaingia jikoni na kusimama na koti lake. Alijua baba yake atamfuata. Alikuja, polepole, amebeba kofia. Na nyuma yake akaja Murdo, ambaye naye alikuwa amezaliwa Corvaig na alijua kuhesabu maneno matatu.

"Zile buti," Ishbel alisema. "Ulipitia makaburini. Ulikwenda kwanza kwenye kaburi la mama."

"Nilikwenda kumwomba radhi kabla sijafanya," alisema mzee Farquhar.

Hakukana. Alikaa kwenye kiti chake karibu na moto, akatia mkono kwenye mfuko wa ndani wa koti, akalitoa. Jiwe jekundu lenye mstari mweupe, dogo, la kutosha kiganja. Alilipakata mapajani kama kifaranga.

"Leo hii umelibeba," Ishbel alisema. "Mbele ya Chifu."

"Nimelibeba mwezi wa saba wote na mwezi wa nane wote. Nilitaka kulirudisha. Lakini mwashi alikuwa pale kutwa, na siku aliyoondoka rundo lote lilikuwa limeshafungwa kwa saruji. Kamati walitaka lisibomoke tena. Mimi mwenyewe nilipiga kura ndiyo." Alitikisa kichwa. "Mwanangu, ulipoikubali posa ya Mwalimu nilifurahi wiki moja. Moja tu."

"Kwa nini, baba?"

"Alasdair yuko mle ndani. Neil yuko mle ndani. Mama yako yuko kule juu. Kila Jumapili nilikuona unavyolishika hili jiwe, nikajua siku mwenyewe akirudi atakuchukua mpaka chini ya dunia, na mimi nitabaki kuhesabu mawe."

"Ungeniuliza."

"Ungesema utakwenda."

"Ndiyo, ningesema hivyo!"

"Basi," alisema mzee, na akaanza kulia bila kuficha uso.

Ishbel alitaka kumpiga, na alitaka kumkumbatia, na hakufanya hata kimoja. Aligeuka kwa Murdo. Alidhani atamkuta amekunja ngumi. Kumbe Murdo alikuwa amepiga goti moja mbele ya mzee, mkono wazi.

"Nipe langu, mzee."

Mzee Farquhar alimpa. Murdo alilifuta kwa mkono wa shati, kisha akasimama. Hakukuwa na hasira usoni mwake, na hilo ndilo lililomtisha Ishbel.

"Sasa tumejua," Ishbel alisema haraka. "Murdo, tumejua. Kosa si lako wala si langu."

"Mzee aliondoa jiwe," Murdo alisema. "Lakini hakukwambia uongo. Hakutamka neno. Yaliyobaki ulijiambia mwenyewe."

"Niliumia!"

"Najua uliumia. Lakini uliamini. Kwamba mimi nimekwenda kwa mama yangu kama mwizi, nikaona moshi wako, nikapita."

"Na wewe je? Barua mbili kwa mwaka, Murdo! Nusu ukurasa. Kondoo hawajambo, theluji nyingi, wako Murdo. Mimi nilikuwa naishi na nini? Nilikuwa naishi na jiwe!"

"Sijui kuandika ya moyoni. Tangu shule ulijua sijui kuandika. Ndiyo maana niliacha kitu ninachokijua." Alilizungusha jiwe kiganjani. "Kule wenzangu walikuwa wakinicheka. Wanasema mwanamke hangoji miaka mitano. Mimi nacheka nao. Barua zako zilipokoma nikasema meli zimechelewa. Zikakoma kabisa, nikasema anauguza mtu. Sikukutilia shaka hata siku moja, Ishbel. Sisemi kujisifu. Nilikuwa sijui kwamba inawezekana."

 Afadhali angemtukana.

Mlango ulibishwa, taratibu. Mwalimu Kenneth alichungulia, akaona mzee analia, akaona jiwe, akaona uso wa mchumba wake. Alikuwa mjane, na alikuwa ameshajifunza kusoma chumba kabla ya kuingia.

"Nitakuwa kule hemani," alisema. "Lolote mtakaloamua, Ishbel, nitakuwa hemani." Akaufunga mlango bila kishindo. Ingekuwa rahisi zaidi kama angekuwa mtu mbaya.

"Nichukue," Ishbel alimwambia Murdo mlango ulipofungwa. Alisema mbele ya baba yake na hakujali. "Sasa hivi. Na nguo hizi nilizovaa."

Murdo alimsogelea. Alimshika uso kwa mikono yake miwili, mikono migumu inayonuka mafuta ya kondoo mpaka leo, na kwa kitambo alimtazama kama alivyokuwa akimtazama kule kijitoni, na Ishbel aliamini kabisa kwamba atasema ndiyo.

"Siwezi," alisema. "Nimejaribu tangu kule mnarani. Kila nikikutazama nasikia buti zinapita kwenye theluji, na wewe uko dirishani unasema ndiye. Nitakupeleka mahali ambako jirani wa karibu ni mwendo wa siku nzima, nikichelewa malishoni nitakuwa nawaza, leo ameamini nini?"

"Hilo litapita."

"Labda litapita. Sijui."

"Basi liweke!" Ishbel alishika mkono wenye jiwe. "Unaondoka na basi la barua la saa kumi?"

"Hakuna kinachonizuia tena."

"Basi la barua linasimama mnarani. Weka jiwe. Saruji haina nafasi, najua, liweke chini kwenye nyasi, popote. Ukiliweka nitamrudishia Kenneth pete yake leo hii mbele ya ukoo mzima, na nitakungoja mpaka shaka lako lipite, miaka mitano mingine, kumi. Na safari hii hata jiwe likitoweka mbele ya macho yangu, nitasema lipo." Alivuta pumzi. "Usipoliweka, nitaelewa. Ijumaa nitaolewa, na sitakusumbua."

 Murdo aliinama akambusu kwenye paji la uso, pale nywele zisizochanwa zilipoanzia.

"Geuzeni migongo," alisema. Akatoka.

Adabu ni adabu. Dirisha la jikoni lilitazama mnara, na Ishbel aliligeuzia mgongo akaukabili ukuta wa kabati la vyombo. Baba yake aliinuka kitini kwa shida akasimama naye. Shangazi Dolina aliingia na sinia la skoni zilizobaki, akaona wawili wanatazama sahani, akafungua mdomo, akaelewa, akaweka sinia chini na kusimama upande wa pili. Hakutoa utani hata mmoja. Alishika kidole kidogo cha Ishbel, kama alivyokuwa akimshika njiani kwenda kanisani zamani.

Saa ya ukutani ilikuwa inaelekea kumi. Nje watu walikuwa wanacheka, wanagawana wiski. Ishbel alizihesabu sahani za bluu, akafika kumi na moja, akaanza upya. Alikuwa anamwona bila kumwona: sasa anafika barabarani, sasa anasimama, sasa ameweka mfuko wake chini. Hakuwahi kumwomba Mungu kitu kidogo hivyo. Jiwe moja tu kwenye nyasi.

Honi ya basi ililia mara mbili. Injini ikakoroma, ikabadilisha gia kwenye kilima, ikaenda ikififia mpaka ikachanganyika na sauti ya mto.

"Sasa," alisema shangazi Dolina.

Ishbel hakukimbia. Aliogopa kwamba akikimbia watu watajua. Alivuka nyasi, akampita mpiga zumari, akampita Kenneth aliyekuwa amesimama mlangoni mwa hema bila kusogea, akafika mnarani. Mvua nyembamba ilikuwa imeanza, ile inayowafukuza wageni, na watu walikuwa wakiingia hemani mmoja mmoja.

Mbele, chini ya bamba la shaba, hakukuwa na kitu isipokuwa shada la kamati. Kwenye ngazi hakukuwa na kitu. Alizunguka upande wa barabara, ambako ndiko mtu anayepanda basi angesimama. Aliona nyasi zimelala mahali pamoja, upana wa buti mbili, zimelala sana, mtu amesimama hapo kwa muda mrefu.  Aliinama akazifunua nyasi zile kwa vidole.

Palikuwa na udongo mtupu.

Akaendelea. Labda ameliweka mbali kidogo, asionekane na watu. Labda limeviringika. Alizunguka mara moja, akazunguka mara ya pili akiwa ameinama zaidi, akigusa kila kokoto, na kila lililokuwa jekundu halikuwa na mstari. Maji ya mvua yalimwingia shingoni. Alisikia sauti yake mwenyewe ikisema, "Liko hapa, liko hapa," na hakujua alianza kuisema lini.

Alipofika tena upande wa kaskazini, ule usioonekana kutoka hemani, alimkuta mzee Farquhar, aliyekuwa amemfuata. Alikuwa amepiga magoti kwenye nyasi zilizolowa na kilti yake ya ukoo, kofia ameitupa pembeni, anapapasa kwa mikono yote miwili. Kucha zake zilikuwa zimejaa udongo. Alimtazama binti yake, na wote wawili walikuwa wameshajua.

"Huku bado hatujatazama vizuri, mwanangu," alisema.

Ishbel alipiga magoti karibu naye, wakaendelea kutafuta.